"Imekufa" si jibu: fundi aonyeshe ugonjwa wa ampli kabla ya kudai pesa

KISANGANI, Tshopo – Kuna neno moja linalokula pesa za kwaya, za orkestra za mitaani na sasa hata za familia za wahami katika mji huu. Neno hilo ni "imekufa". Linasemwa Mangobo, linasemwa Kabondo, linasemwa Lubunga ng'ambo ya mto. Ampli ya gita inanyamaza, inafungwa kwa kamba juu ya toleka, inapelekwa kwa fundi. Fundi anaitikisa, anafungua skrubu nne, anapuliza vumbi, kisha anatangaza msiba: transfo imeungua, leteni pesa. Pesa inachangwa. Ampli inalia wiki mbili, inanyamaza tena, na tangazo ni lile lile.

Wanamuziki wengi wanajua ukweli lakini wanauongea pembeni tu. Ampli nyingi zinazotangazwa kuwa zimekufa bado ni nzima. Zina waya uliokatika ndani ya mpira wake, tundu la jaki lililolegea au fyuzi iliyofanya kazi yake. Na zile zilizokufa kweli, mara nyingi ziliuawa: na karatasi ya sigara iliyowekwa mahali pa fyuzi, na bafle nne zilizofungwa mahali pa mbili, au na umeme uliorudi kwa nguvu bila kitu cha kuuzuia. Tatizo kubwa ni desturi ya kulipa kwanza na kupima baadaye. Desturi hiyo iishe.

Kwa nini jambo hili si dogo

Wengine watasema: watu wamekimbia vijiji, watoto hawasomi, na ninyi mnaongelea ampli? Ndiyo, tuongelee ampli. Tangu mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola ulipozuka upande wa Lubunga mapema mwaka 2023, maelfu ya watu walivuka mto wakiwa na kile walichoweza kubeba kichwani. Walioacha nyumba, shamba na mbuzi hawakubaki na kitu kingi cha kuwakusanya. Kwaya ndiyo iliyobaki. Matanga bado yanafanywa, ibada bado inafanywa, na mtu anayetaka kutangaza siku ya chanjo au ya ugavi wa chakula mbele ya umati anahitaji sauti. Mahali pengi sauti hiyo inatoka katika ampli moja ya zamani ya gita, ambayo mikro inachomekwa humo humo.

Kwa kijana mpiga gita, ampli ni jembe lake. Ikinyamaza Ijumaa, harusi ya Jumamosi inakwenda kwa mwingine. Mama anayechangia franka zake alizopata kwa kuuza chikwangi pembeni ya barabara hachangii muziki peke yake. Anachangia mahali ambapo watu wa kijiji chake wanakutana tena. Kumdanganya mama huyo kuhusu transfo ni wizi, hata kama unafanywa kwa tabasamu na bisibisi mkononi.

Ugonjwa wa kwanza uko nje ya sanduku

Fundi wa kweli anaanza mahali pa bei rahisi. Anaanza na prizi: anachomeka taa au chaja ya simu kwenye prizi ile ile. Kama taa haiwaki, ampli haina kosa. Kisha anaangalia ralonji na waya wa umeme wa ampli, hasa pale unapoingia kwenye plagi na pale unapoingia kwenye sanduku, kwa sababu hapo ndipo unapokunjwa kila siku. Kisha anaangalia fyuzi.

Kama taa ya ampli inawaka lakini sauti haitoki, mshtakiwa wa kwanza ni waya wa gita. Waya huo unakanyagwa, unavutwa, unazungushwa kwenye kiwiko kila baada ya mazoezi. Ndani yake uzi mwembamba unakatika bila mtu kuona. Njia ya kujua haina gharama: badili waya. Kama hakuna waya mwingine, chomeka huu huu, ongeza volimu kidogo, kisha gusa kwa kidole ncha ya jaki iliyo huru. Ukisikia mlio mnene, waya unapitisha na ampli inasikia, basi tafuta ugonjwa kwenye gita. Usiposikia kitu hata baada ya kubadili waya, ugonjwa uko mbele zaidi: tundu la jaki, ampli yenyewe, au bafle.

Bafle nayo inapimwa bila maabara. Ampli ikiwa imezimwa, tenganisha waya mbili za bafle, kisha ziguse kwa kifupi na betri ya tochi ya volti 1.5. Koni ikiruka na kusema "tok", bafle inaishi. Isiposema kitu, uzi wa ndani umekatika. Fundi mwenye multimeta anapata jibu safi zaidi: bafle iliyoandikwa omu 8 husoma karibu 6 au 7. Kama kipimo hakisogei kabisa, hapo neno "imekufa" lina haki yake, lakini ni la bafle, siyo la ampli.

Dakika kumi zimepita, hakuna skrubu iliyofunguliwa, hakuna franka iliyotoka. Fundi asiyefanya kazi hiyo ya dakika kumi mbele ya mteja hana ruhusa ya kutamka neno transfo.

Sauti inayokuja na kuondoka

Kisangani iko karibu kabisa na mstari wa ikweta. Mvua inanyesha karibu mwaka mzima na unyevu haupungui. Chuma cha ndani ya matundu kinashika kutu, mende wanatafuta joto la sanduku, na safari ya toleka juu ya mashimo ya barabara inatikisa kila kiungo. Kwa hiyo ampli za hapa zinaugua magonjwa ya hapa, na fundi wa hapa anapaswa kuyajua.

Ukizungusha kifundo cha volimu na kusikia mikwaruzo, kifundo kina uchafu ndani. Kinasafishwa kwa dawa ya kupuliza ya kusafishia viungo vya umeme, ampli ikiwa imechomolewa, kisha kifundo kinazungushwa mara nyingi kwenda na kurudi. Mafuta ya kupikia, mazuti na petroli si dawa. Yanakusanya vumbi au yanakula plastiki, na petroli karibu na umeme ni msiba unaosubiri siku.

Sauti ikiondoka unapogusa jaki na kurudi unapoisukuma pembeni, tundu la jaki limelegea au risasi iliyolilehemu imepasuka. Huo ni ufa mdogo kama unywele unaozunguka mguu wa chuma. Kuulehemu upya ni kazi ya dakika chache. Pia kuna ampli zenye matundu mawili nyuma kwa ajili ya mashine za kubadili sauti, moja la kutoa na moja la kurudisha. Ndani ya tundu la kurudisha kuna kijiulimi cha chuma ambacho sauti yote inapitia hata kama hakuna kilichochomekwa. Kijiulimi kikishika kutu, ampli nzima inanyamaza au inasikika kwa mbali. Chomeka waya mfupi wa gita kutoka tundu la kutoa hadi la kurudisha. Sauti ikirudi, ugonjwa umepatikana, na dawa yake ni kusafisha tundu hilo. Ampli yenye ugonjwa huu mdogo ni rahisi sana kuitangaza maiti, kuinunua kwa bei ya vyuma na kuisikia ikilia kwa mwingine mwezi unaofuata.

Na ule mlio wa "mmmm" usioisha? Chomoa gita kwanza, kisha shusha volimu mpaka sifuri. Mlio ukiondoka, unatoka mbele ya kifundo: waya mbovu, gita, au sehemu ya kwanza ya ampli. Mlio ukibaki palepale hata volimu ikiwa sifuri, unatoka nyuma: kwenye sehemu ya nguvu au kwenye zile kondansateri kubwa kama makopo, ambazo kazi yake ni kulainisha umeme. Kondansateri zinazeeka, zinakauka, nyingine zinavimba juu. Jaribio hilo moja linagawa sanduku nzima mara mbili. Fundi asiyelifanya anabadilisha vitu kwa kubahatisha, na kila bahati mbaya analipa mteja.

Karatasi ya sigara ni bunduki

Hapa hakuna cha kubembeleza. Kuweka karatasi ya sigara inayong'aa, msumari au uzi wa waya mahali pa fyuzi ni kosa linalopaswa kumwondoa mtu katika kazi.

Fyuzi ni mlinzi. Ndani yake kuna uzi uliotengenezwa ili ukatike kabla ya vitu vya bei kali kuungua. Nyuma ya ampli imeandikwa kipimo chake kwa ampea, mara nyingi pamoja na herufi: T kwa ile inayovumilia kishindo kifupi cha kuwasha, F kwa ile inayokatika haraka. Kipimo hicho kinafuatwa kilivyo. Fyuzi kubwa zaidi haileti nguvu zaidi. Inafukuza mlinzi tu. Karatasi ya sigara inapitisha umeme mwingi kuliko fyuzi yoyote ya ampli, na siku transista moja itakapopasuka ndani, umeme wote utapita mpaka kwenye transfo. Hapo ndipo transfo inaungua kweli. Fundi aliyesema wiki iliyopita kwamba transfo imeungua anakuwa amesema ukweli kwa kuchelewa, na yeye mwenyewe ndiye aliyeichoma.

Fyuzi ikikatika mara moja baada ya miaka, badili, endelea. Ikikatika tena mara tu unapowasha, ampli inasema kuna njia fupi ndani, na kazi ya fundi ni kuitafuta. Kifaa cha kuitafuta bila kuharibu zaidi kinajulikana na mafundi wa dunia nzima: balbu ya zamani ya uzi, ya wati 60 au 100, iliyofungwa mfululizo kwenye waya mmoja wa umeme kabla ya ampli. Balbu ikiwaka kwa kishindo kifupi kisha ikafifia, ampli iko salama kuwashwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna njia fupi, na balbu imekunywa umeme ambao ungechoma vitu. Balbu za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii. Kishikilia balbu, balbu yenyewe na mita moja ya waya, vyote vimefungwa vizuri pasipo waya ulio wazi: huo ndio mtambo mzima. Fundi wa ampli asiyekuwa nao ni kama muuguzi asiyekuwa na kipimajoto.

Bafle mpya inayoungua siku hiyo hiyo

Kisa kingine kinafahamika karibu kila mtaa. Bafle imeungua, kwaya inanunua nyingine, fundi anaifunga, na kabla ya jioni nayo inanuka moshi. Watu wanaanza kutafuta mchawi. Wengine wanasema kifaa kimelaaniwa kwa sababu kilivuka mto wakati wa vita.

Mchawi yumo ndani ya sanduku, na anapimika. Katika ampli za transista, ikipasuka transista moja ya mwisho, umeme wa moja kwa moja, usio sauti, unamiminwa kwenye bafle na kupika uzi wake. Bafle haikuwa mgonjwa, ilikuwa mhanga. Ndiyo maana kabla ya kufunga bafle mpya fundi anapaswa kuweka multimeta kwenye waya wa kwenda kwenye bafle, ampli ikiwa imewashwa bila sauti. Kipimo cha umeme wa moja kwa moja kinapaswa kuwa karibu sifuri. Kikisoma volti 20 au 30, bafle yoyote itakayofungwa hapo itaungua, hata ya bei ya dola mia mbili. Ampli chache za zamani za taa za kioo haziwashwi kamwe bila bafle, na hizo apelekewe fundi anayezijua.

Hata transista zikibadilishwa, kuna namna. Kati ya transista na chuma kinachopoza joto kuna kipande chembamba cha mika na dawa nyeupe ya kupitisha joto. Fundi mwenye haraka anasahau vyote viwili. Bila mika, umeme unapita kwenye chuma. Bila dawa, joto linabaki ndani. Ndiyo zile ampli zinazolia wiki mbili kisha zinanyamaza.

Wanamuziki nao wasijifanye watakatifu. Kufunga bafle nne za omu 8 sambamba kwenye ampli iliyoandikwa "angalau omu 4" ni kuiua. Mbili sambamba zinafanya omu 4, na hapo ndipo mpaka. Nne zinafanya omu 2, na ampli inalazimishwa kutoa umeme mara mbili ya uwezo wake. Kupitisha gita la besi kwa nguvu zote kwenye bafle ndogo ya gita kunapasua koni. Kutumia waya mwembamba wa gita kuunganisha bafle ni kosa, maana haukutengenezwa kubeba nguvu hiyo. Kwaya inayofanya hayo yote kila Jumapili isimlaumu fundi peke yake.

Umeme wenyewe una sehemu yake

Mji huu umelala kando ya mto mkubwa na una bwawa lake kwenye mto Tshopo, lililojengwa enzi za ukoloni. Hata hivyo wakaaji wanaishi kwa delestaji, na kuchakaa kwa mashine za bwawa hilo si siri kwa mtu yeyote. Umeme unaotakiwa ni volti 220. Jioni, watu wote wanapowasha, katika mitaa mingi unashuka mpaka taa zinakuwa nyekundu. Kisha unakatika. Kisha unarudi kwa kishindo.

Kishindo hicho ndicho kinachoua. Kwa hiyo umeme ukikatika katikati ya ibada, mtu mmoja aliyeteuliwa anachomoa ampli kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Umeme ukirudi, anasubiri dakika kadhaa mpaka taa zitulie. Stabilizateri ni kitu kizuri kwa mwenye uwezo, lakini mkono unaochomoa plagi hauna bei.

Kwa jenereta, utaratibu ni mmoja: washa jenereta, iache itulie, ndipo uwashe ampli. Mwishoni zima ampli kwanza, jenereta baadaye. Jenereta ndogo inapoishiwa mafuta inakohoa, volti zinapanda na kushuka, na ampli iliyoachwa imewashwa inakunywa kila kikohozi. Wanaosimamia umeme wanadaiwa maelezo na huduma. Lakini fundi anayeitupia shirika la umeme kila kosa ili kuficha karatasi yake ya sigara hajajitetea.

Mguu wa tatu wa plagi ni uhai wa mtu

Lipo kosa moja ambalo halili pesa, linakula watu. Ampli nyingi zinakuja na plagi yenye njia ya tatu, ile inayopeleka umeme uliopotea ardhini. Kwa sababu prizi na ralonji nyingi hazina njia hiyo, watu wanaikata. Pengine wanaikata kwa sababu mlio wa "mmmm" umepungua walipoiondoa. Wanafurahi. Hawajui kwamba siku waya wa ndani utakapogusa sanduku la chuma, umeme utapanda kwenye waya wa gita mpaka kwenye nyuzi zake. Mpiga gita ana mkono kwenye nyuzi na mdomo kwenye mikro iliyounganishwa na mashine nyingine. Mwili wake unakuwa waya.

Hiyo si hadithi ya kutisha watoto. Tarehe 3 Mei 1972, huko Swansea nchini Uingereza, mpiga gita Les Harvey wa kundi la Stone the Crows aliuawa na umeme jukwaani mbele ya watu, mikononi ana gita, alipogusa mikro ambayo haikuunganishwa vizuri na ardhi. Hilo lilitokea katika nchi yenye umeme wa kutosha na mafundi wenye vyeti. Chini ya turubai la kambi, juu ya udongo uliolowa mvua, na kijana aliyevua viatu, hatari ni kubwa zaidi. Mpiga gita akihisi hata mtekenyo mdogo kwenye midomo anapokaribia mikro, wimbo unasimama hapo hapo na kila kitu kinachomolewa. Mtekenyo huo usichukuliwe kama upako.

Kwa sababu hiyo hiyo, kufungua sanduku si kazi ya kila mwenye bisibisi. Kondansateri kubwa zinahifadhi umeme hata baada ya kuchomoa plagi, na ndani ya ampli za taa za kioo umeme unafika mamia ya volti. Mteja apime vya nje. Ndani ni kwa fundi anayejua kuzimaliza kondansateri na kuzipima kabla ya kutia mkono.

Utetezi wa mafundi, na jibu lake

Mafundi wana ya kusema, na wasikilizwe. Wanasema vipuri vinatoka mbali na vingi ni vya bandia. Wanasema mteja analeta ampli iliyokwisha kuguswa na watu watatu, halafu anaapa kwamba haijafunguliwa. Wanasema mtu anataka kazi ya siku mbili kwa bei ya chupa ya bia. Yote hayo ni kweli.

Lakini kukosa vipuri si sababu ya kudanganya kuhusu ugonjwa. Fundi anaweza kusema: "Ni transista hii, nimepima, hapa Kisangani sijaipata." Hiyo ni heshima. Mteja atangoja au atatafuta. Na umaskini wa vifaa haukuwahi kuwa umaskini wa akili katika nchi hii. Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono N°1 la Kinshasa walitengeneza mikro kwa sumaku walizotoa kwenye vipande vya magari mabovu, wakajenga mitambo yao ya sauti kwa vitu vilivyotupwa, na albamu yao ya Congotronics ya mwaka 2004 ikawapeleka kwenye majukwaa ya Ulaya na Marekani. Wanaotengeneza sauti kwa vyuma chakavu hawawezi kushindwa na waya mmoja uliokatika.

Na kutengeneza si aibu ya maskini. Umoja wa Ulaya wenyewe ulipitisha mwaka 2024 sheria ya kuwapa wanunuzi haki ya kutengenezewa vifaa kadhaa vya nyumbani badala ya kulazimishwa kununua vipya. Wenye pesa wanarudi kwenye fundi. Wasio na pesa wanawezaje kumtupa?

Wapo Kisangani mafundi waaminifu wanaofungua sanduku mbele ya mteja, wanaoeleza, wanaorudisha kipande cha zamani. Hao ndio wanaoumia zaidi, maana kila uongo wa jirani yao unashusha bei ya ukweli wao.

Kinachotakiwa

Kwanza, mteja asilipe kabla ya kuonyeshwa. Fundi apime mbele yake, amwambie ugonjwa uko wapi, na amtajie bei ya kipimo tofauti na bei ya matengenezo. Kupima ni kazi na kulipwe, hata kama kidogo.

Pili, kipande kilichotolewa kirudishwe mkononi mwa mwenye ampli. Transista iliyopasuka haina thamani kwa fundi. Fundi anayekataa kuirudisha ana lake.

Tatu, kila kwaya na kila orkestra iwe na daftari la ampli: tarehe ilipoharibika, ilikuwa inafanya nini, nani aliifungua, kilichobadilishwa, kiasi kilicholipwa. Daftari hilo linamaliza ubishi, na linamsaidia hata fundi anayefuata.

Nne, mashirika na makanisa yanayotoa vifaa vya sauti kwa wahami yatoe pamoja navyo waya mmoja wa akiba, fyuzi tano za kipimo sahihi na ralonji yenye njia ya ardhi, iliyounganishwa na ardhi kweli. Kutoa ampli bila hivyo ni kutoa zawadi ya miezi miwili. Na pale penye kambi, INPP na shule za ufundi zenye seksheni ya umeme zichukue vijana kumi, wasichana na wavulana, ziwafundishe kupima vya nje, kulehemu jaki na kutengeneza balbu ya majaribio. Kijana aliyepoteza shamba Lubunga akipata kazi ya kulehemu, kambi itapata fundi wake na yeye atapata mkate.

Tano, anayeweka karatasi ya sigara mahali pa fyuzi atajwe mbele ya mkubwa wa mtaa na wenzake wa kazi, na arudishe pesa. Mafundi wenyewe ndio wanaopaswa kuanzisha jambo hili, kabla wateja hawajachoka nao wote.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalongoja wafadhili kutoka Kinshasa au ng'ambo. Jumapili hii, kabla ya mazoezi, kiongozi wa kwaya anaweza kugeuza ampli, kufungua kishikilia fyuzi na kuangalia ndani. Akikuta kioo kidogo chenye uzi, amshukuru fundi wake. Akikuta kinachong'aa kutoka pakiti ya sigara, achomoe plagi, akichukue, na akampelekee aliyekiweka.